Kona ya Kukoholea Si Eneo Tupu

Mgeni rasmi, Mstahiki Meya wetu;
Daktari mkuu wa kituo hiki;
Bwana Itifaki, uliyetuhangaisha wiki nzima na tumekusamehe;
Majirani mliojaa hadi langoni, pamoja nanyi mliopanda juu ya ukuta, tunawaona, shukeni;
Mabibi na mabwana:

KARIBU, NA USISOGEZE KITI

Sisi wafanyakazi wa maabara ya makohozi, pamoja na wenzetu wa Chama cha Waliopona, tunakukaribisha kwa mikono miwili na mapafu mawili. Tumefurahi mpaka tumepitiliza. Tangu tulipoambiwa kwamba utakuja mwenyewe kufungua jengo letu jipya, hapa hapakaliki. Sakafu imepigwa deki mpaka mlinzi ameteleza, na mtu wa dirisha la dawa, ambaye hatujawahi kuyaona meno yake, leo anacheka peke yake.

Mstahiki Meya, kabla hatujafika mbali, tuna jambo dogo la kukueleza kuhusu kiti chako. Tunaomba usishtuke. Hapo ulipoketi, chini ya hema hilo jeupe lenye maua, ndipo watu wa mji huu wanapokuja kukohoa.

Tumesema usisogeze kiti! Uko salama. Hapo jua linapiga tangu asubuhi na upepo unapita bila kumwomba mtu ruhusa, na hao wawili, jua na upepo, ndio mahasimu wakubwa wa kijidudu cha kifua kikuu. Wagonjwa wetu wa leo tumewahamishia upande wa pili wa uwanja. Kusema kweli, uko salama zaidi hapo kuliko ndani ya gari lako zuri lililofungwa vioo, na kwa hili tunamwomba dereva wako asituelewe vibaya.

Hatukupanga sisi ukae hapo. Waliokuja kufunga hema waliitazama ramani ya kituo, ramani ikawaambia hapo ni "eneo tupu", nao wakakamata nyundo. Hilo neno "tupu", Mstahiki Meya, ndilo lililotufanya tukeshe kwa kuandika risala. Tutalirudia.

Kuna neno lingine. Bwana Itifaki alituomba tusilitaje neno "makohozi" mbele yako, hasa karibu na chakula. Alipendekeza tuseme "majimaji ya kifuani". Tulijaribu, tukashindwa kuendelea kwa kicheko. Mstahiki, wavuvi husema samaki, waokaji husema mkate, sisi tunasema makohozi. Chakula bado kiko jikoni, kwa hiyo tutayataja sasa hivi yote, tuyamalize.

TULIKOTOKA

Maabara yetu ilianzia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika. Tulikuwa na hadubini moja, meza moja yenye mguu uliotiwa kigingi, na Mama Vuta.

Mama Vuta ni mtaalamu wa maabara, na ndiye huyo aliyeketi mstari wa mbele akijifanya hasikii. Jina lake la kuzaliwa analijua mwajiri. Sisi tunamwita Mama Vuta kwa sababu ya kazi ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wake: kuwafundisha watu wazima kukohoa.

Utashangaa, Mstahiki. Utasema, nani hajui kukohoa? Hawajui! Mtu akipewa kikopo na kuambiwa alete makohozi, anageuka pembeni, anatema mate, anafunga mfuniko, anakimbia. Mama Vuta anakiinua kikopo kwenye mwanga, anakitikisa, anamwita mwenyewe kabla hajafika langoni.

"Njoo hapa, baba. Hiki umeleta nini?"

"Makohozi, mama."

"Haya ni mate. Mate yanakaa mdomoni, ni ya kulainishia chakula na umbea. Mimi nataka kitu cha chini huko, kilichojificha. Suuza mdomo kwa maji. Haya, vuta! Vuta hadi mabega yapande. Shikilia. Toa. Vuta tena! Sasa kohoa kutoka tumboni, kama unamwita mtu ng'ambo ya barabara anayeondoka na viatu vyako!"

Na mtu anakohoa. Tatizo lilikuwa mahali. Siku hizo watu walikohoa koridoni, katikati ya foleni ya sindano na dirisha la dawa. Korido haina dirisha. Hewa iliyoingia humo Jumatatu ulikutana nayo tena Ijumaa. Tukajaribu chooni, ikawa mbaya zaidi. Na watu waliokuwa na haja zao wakatuletea maneno ambayo hayaingii kwenye risala.

Na pale koridoni kila mtu alimwona kila mtu. Basi watu wakaleta mate, kwa aibu. Mate hayasemi kitu. Ukiyaweka chini ya hadubini hukuti vijidudu, mgonjwa anaambiwa yuko salama, anarudi nyumbani kuendelea kuwakoholea wanawe. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Mama Vuta usingizi, na ndilo tunalokuomba ulishike, Mstahiki, mpaka tutakapofika kwenye maombi.

Sasa tunakuletea kisa cha Kipaza. Tumepewa ruhusa na mwenyewe, mbele ya mkewe. Msomaji wetu, hapa hakuna kuruka mstari, tulikubaliana.

KISA CHA KIPAZA NA SHEMEJI YAKE

Kipaza ni mshereheshaji. Harusi, mahafali, uzinduzi wa duka, kama kuna watu na viti yeye yupo. Alipewa jina hilo kwa sababu kipaza sauti kwake kilikuwa pambo tu. Alikuwa akisema "Bwana harusi anaingia!" na bwana harusi wa ukumbi wa jirani anasimama.

Basi Kipaza akaanza kukohoa. Mwanzoni alisema ni vumbi. Halafu ikawa ni feni za kumbini, halafu barafu kwenye soda. Suruali zikaanza kumpwaya, akasema ni fasheni. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akanywa tangawizi na asali. Mwishowe, kwenye harusi moja kubwa, alisimama kumtambulisha baba wa bibi harusi, akafungua kinywa, kikatoka kifirimbi. Wageni wakadhani ni mzaha, wakapiga makofi. Yeye pia akacheka, lakini mgongoni jasho lilikuwa limeganda. Alijua fika kwamba mshereheshaji asiye na sauti ni mtu tu aliyevaa suti mchana.

Mkewe ndiye aliyekata shauri.

"Baba watoto, hicho kikohozi kimekaa humu ndani kuliko wewe. Kesho unakwenda kupima."

"Nikionekana kule, nani ataniita tena harusini?"

"Na ukifa, nani atakuita?"

Na kwa kuwa alimjua mumewe, akampa msindikizaji: kaka yake mwenyewe, yaani shemeji yake Kipaza. Huyu Shemeji ndiye fundi wa spika zake. Wanakwenda kila shughuli pamoja katika kigari kilichojaa nyaya, vioo vimefungwa vumbi lisiingie kwenye mitambo. Kumbuka hivyo vioo, Mstahiki.

Kipaza alifika hapa amevaa miwani myeusi, kofia, na skafu shingoni, siku yenye joto la kuyeyusha mshumaa. Akapewa kikopo chenye jina lake, na hakuwa amefika hata nusu ya korido mtu mmoja wa foleni akamtambua.

"Kipaza! Si wewe uliyetusherehesha kwenye harusi ya binti yangu? Unafanya nini huku?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa," akasema, kwa ile firimbi yake, na kikopo kitupu kimetuna mfukoni kama embe la wizi.

Akajibanza ukutani. Kila akitaka kukohoa, mtu anamsalimia. Akakibana kikohozi mpaka machozi yakamtoka chini ya miwani, na mama mmoja akampa pole ya msiba. Shemeji akamvuta pembeni.

"Shemeji, wewe sauti yako inajulikana. Ukikohoa hapa, kabla ya adhuhuri mji mzima una habari. Lete kikopo."

"Ukifanyie nini?"

"Mimi nina kakohozi kangu kadogo ka sigara, asubuhi hakanikosi. Nitakukoholea."

"Lakini wanataka langu."

"Kohozi ni kohozi. Hicho kikopo kimeandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Basi ni lako!"

Mstahiki Meya, Kipaza ni mtu mwenye akili. Lakini aibu ikimkamata mtu kooni, hata hoja kama ile inapita kama maji. Akatoa kikopo.

Shemeji akazunguka nyuma ya jengo, mahali alipozoea kwenda kuvuta sigara yake mlinzi asimwone. Ilikuwa kona yenye ukuta pande mbili, jua tele, upepo, na hakuna jicho la mtu. Akakohoa kwa raha zake kama mtu aliye shambani kwake. Akarudi amekibeba kikopo kama zawadi.

Mama Vuta akakiinua kwenye mwanga. Akakitazama tena.

"Haya! Haya sasa ndiyo makohozi! Mazito, mengi, ya kifuani hasa. Yametolewa na nani haya?"

Kipaza akainua kidole nusu.

"Mpigieni makofi baba huyu! Mmeona wenyewe kwamba inawezekana?"

Na korido nzima ikampigia makofi. Kipaza, ambaye maisha yake yote ameishi kwa makofi, anasema hayo ndiyo pekee yaliyowahi kumuuma.

Kesho yake walirudi kuchukua majibu. Kwenye kioo kilichotiwa rangi, Mama Vuta alikuwa ameviona vyenyewe: vijiti vyembamba vyekundu vimetapakaa kwenye uwanja wa buluu. Kipaza akaitwa chumbani, mlango ukafungwa, muuguzi akavuta kiti karibu.

"Baba, majibu yako yametoka. Una kifua kikuu. Kinatibika, usiogope."

Kipaza akacheka. Akacheka mpaka akaupiga mguu wa meza, kile kigingi kikatoka.

"Hapana, mama zangu. Hayo si yangu."

"Jina ni lako," akasema Mama Vuta.

"Jina ni langu. Kohozi ni la shemeji."

Mama Vuta akageuza shingo taratibu kuelekea dirishani. Nje, Shemeji alikuwa ameegemea kigari, anatafuna karanga, anapiga soga na mlinzi, hana habari na ulimwengu.

Hapo kicheko kikamkatika Kipaza. Alimwona shemeji yake kama hajawahi kumwona: shati lililokuwa likimbana, sasa linapepea. Akaviona vile vioo vya gari vilivyofungwa. Akalikumbuka kochi la sebuleni kwake, ambako Shemeji hulala baada ya shughuli, na kitinda mimba wake, ambaye hakubali kula mpaka apakatwe na mjomba. Kama angetema mate kama wengine, hakuna ambaye angejua. Aibu yake ndiyo iliyomwokoa shemeji yake, kwa bahati tu. Na bahati hairudii foleni.

Akasimama. Akavua miwani, akavua kofia, akafungua skafu, akaviacha kwenye kiti cha muuguzi.

"Nipeni kikopo kingine."

"Korido imejaa leo," muuguzi akasema.

"Naenda alikokwenda yeye."

Akaenda kwenye ile kona. Mama Vuta akamfuata, akasimama nyuma yake, upande unakotoka upepo, kama inavyotakiwa. "Vuta," akamwambia. "Shikilia. Vuta tena." Na Kipaza akakohoa, kikohozi cha kutoka kwenye nyayo, kwa ile sauti aliyodhani imeshakwenda zake. Ng'ambo ya ukuta jirani mmoja akapaza sauti: "Jamani, huyo si Kipaza?"

"Ndiyo mimi!" akajibu. "Nimekuja kupima! Na wewe njoo!"

Kipaza naye alikutwa na vijiti vile vile. Alipotoka kumpa Shemeji habari, hakujua aanzie wapi, akaanzia hapa:

"Shemeji, umenikoholea vizuri mno. Mpaka umekutwa."

"Nimekutwa na nini?"

"Na nilicho nacho mimi."

Shemeji akafikiri kidogo, akafunga mfuko wa karanga. "Sasa mimi nina chako, au wewe una changu?"

"Hatujui. Tunachojua ni kwamba tumekichanganya humo garini."

"Lakini jina kwenye kikopo ni lako, shemeji. Dawa si utameza wewe?"

Wakameza wote wawili. Mkewe Kipaza aliwapanga mstari kila asubuhi kama watoto wa chekechea, glasi mkononi, akisubiri waseme "aaa" aone kama vidonge vimepita kweli. Watoto walipimwa, wakapewa dawa za kinga. Vioo vya kigari vikashushwa, na mpaka leo havijapanda; spika zina vumbi, mapafu hayana.

Ndivyo kona hii ilivyopatikana, Mstahiki Meya. Iligunduliwa na mvutaji wa sigara aliyekuwa akijificha. Tangu siku ile hatukumpeleka tena mtu koridoni.

YALIYOKWENDA VIZURI

Habari ya kona ilienea yenyewe. Watu waliokuwa wakituletea mate wakaanza kuleta makohozi yanayostahili heshima. Asubuhi hapa kuna raha yake: wanaingia kona mmoja mmoja, Mama Vuta anaita "Vuta!", na walio foleni upande wa pili wa ukuta wanavuta nao bila kuambiwa. Kuna wapenzi wawili waliofahamiana kwenye foleni hiyo na sasa wameoana. Mshereheshaji alikuwa unayemjua.

Tulipata mashine ya kusoma vinasaba vya vijidudu, ambayo inatuambia siku hiyo hiyo kama ni kifua kikuu, na kama kinaogopa dawa ya kawaida au kimeshakuwa sugu. Sampuli nyingine tunaziotesha ili kuwatambua wale tunaowaita "mabinamu". Kuna vijidudu vya ukoo mmoja na kifua kikuu, chini ya hadubini vimevaa vijiti vyekundu vile vile, lakini si vyenyewe na matibabu yake si yale yale. Mama Vuta husema ni kama kumkuta mtu harusini amevaa sare ya ukoo: usimkumbatie hadi umuulize mama yake nani. Mashine inauliza vizuri sana. Lakini nayo, Mstahiki, ukiipa mate, inakujibu kuhusu mate.

Na leo tuna jengo jipya! Vigae vyake vinang'aa, mabomba yanatoa maji, milango inafungwa kwa ufunguo badala ya tofali. Muuguzi mmoja alilia alipoona soketi za umeme ukutani. Alikuwa amezoea kuchomoa hadubini ili achomeke birika. Asante, Mstahiki Meya. Asante sana. Tungeweza kuishia hapa na kwenda kula.

LINALOTUKWAZA

Tunaomba radhi, kwa hili kosa la kwanza ni letu.

Mchora ramani wa jengo jipya alipokuja, alipita kila mahali na kalamu yake, mtu mpole sana. Chumba hiki cha nini? Hadubini. Na hiki? Cha kuoshea vyombo. Akafika kwenye kona, akatazama jua, akatazama upepo unavyomvurugia karatasi.

"Na hapa pana nini?"

Tukatazamana. Sisi, Mstahiki! Sisi tunaoshinda tukiwaambia watu wasione aibu! Bwana huyu alikuwa na shati jeupe, anatutazama machoni, na hakuna aliyeweza kutamka mbele yake kwamba hapa watu wanatoa makohozi. Mama Vuta siku hiyo alikuwa likizo. Tukasukumana viwiko. Mwishowe mmoja wetu, ambaye hatumtaji na ambaye sasa hivi anatazama viatu vyake, akasema:

"Hapana kitu."

Naye akaandika alichoambiwa: eneo tupu.

Ramani ikaenda ofisini. Ofisini eneo tupu huwa halikai tupu. Ilirudi imepigwa muhuri, na mahali pa kona pameandikwa "maegesho ya magari ya wageni". Wagonjwa, ramani inasema, watatolea sampuli katika "sehemu ya ndani inayofaa". Tumeitafuta hiyo sehemu inayofaa, Mstahiki Meya, vyumba vyote, na milango yote ya ufunguo. Tumeipata. Ni korido. Nzuri, ina vigae, na haina dirisha.

Mama Vuta aliporudi likizo akaiona ile ramani, hakutugombeza. Hilo ndilo lililotutisha. Aliketi tu, akaushika mguu wa meza ile ya zamani, akasema, "Basi tutarudi kwenye mate."

Ule mtambo wa kushindilia lami uliouona nje ya lango ulipokuwa ukiingia si pambo la sherehe. Unasubiri hema liondoke.

TUNACHOKUOMBA

Wenzetu wa vituo vingine wametushauri tuombe mambo mengi ili tupate machache. Sisi tunaomba neno moja libadilishwe. Pale palipoandikwa "maegesho", na kabla yake "tupu", paandikwe: Kona ya Kukoholea. Kwa wino, kwa herufi kubwa, aone kila anayekuja na nyundo.

Kama kalamu itakuwa bado imo mkononi, basi na bomba la kusuuzia mdomo, na benchi la wale wanaoishiwa nguvu baada ya kukohoa. Paa hatutaki. Ukuta wa tatu hatutaki. Tafadhali, mtu yeyote mwenye moyo mwema asituwekee paa.

Magari ya wageni yanaweza kukaa mbele, kwenye kivuli cha jengo. Tumeshapima kwa kigari cha Shemeji: kinaingia, na la Meya linaingia, mradi tu dereva wako asichezee usukani.

KABLA YA CHAKULA

Mgeni rasmi, kabla hatujaketi, kuna siri ambayo sasa si siri tena. Yule Kipaza wa kisa chetu ndiye huyu aliyesimama mbele yako akikusomea risala. Ameyasoma yote, hata ya embe la wizi, na hakuruka. Utakuwa umetambua kwamba kipaza sauti kilichowekwa hapa mbele yake hakijawashwa. Shemeji, aliye pale kwenye spika, amekizima makusudi tangu salamu za mwanzo, uisikie mwenyewe sauti ambayo kona hii iliirudisha. Nyinyi wa juu ya ukuta, mnasikia? Mnasikia! Na bado hamjashuka.

Ratiba inasema sasa utakata utepe wa jengo. Utakata, mkasi upo. Lakini ukiangalia nyuma ya kiti chako, utaona kwamba tumefunga utepe mwingine, kutoka hapa hadi pale, kwenye pembe mbili za ukuta. Huo hauhitaji mkasi. Kwenye kisahani alichoshika muuguzi, chini ya kitambaa cheupe, ambapo Bwana Itifaki alidhani kuna mkasi wa pili, kuna kikopo kipya, mfuniko wake umebana, na kimeandikwa jina lako.

Tunakuomba uizindue kona yetu kwa kukohoa.

Hatusemi kwamba unaumwa, Mungu apishe mbali. Tunasema tu kwamba mahali alipokohoa Meya, mbele ya daktari mkuu, majirani, na wote walio juu ya ukuta, hapawezi tena kuitwa patupu. Tumeufanyia hesabu mji wetu: kitu kilichozinduliwa na mgeni rasmi hakimwagiwi lami. Ndiyo, ni ujanja. Tunakuambia wazi ili usije ukasema tulikuficha. Na kesho kuna mtu, mahali fulani, mwenye miwani myeusi na kikopo mfukoni, atakayesema: kama yeye alikohoa pale, mimi ni nani?

Majibu utapewa peke yako, faraghani, kama mtu mwingine yeyote. Na ukitoa mate, Mstahiki, tutakurudishia kikopo. Hapa hatuna upendeleo.

Maji ya kusuuza haya hapa. Mama Vuta ameshasimama. Nasi sote tunasimama nyuma yako, upande unakotoka upepo.

Mungu akupe pumzi ndefu na kifua cheupe. Aujalie mji wako asubuhi zenye jua. Amlinde kila anayekohoa na kila aliye karibu naye. Na Bwana Itifaki ampe moyo wa kutusamehe.

Haya, Mstahiki Meya. Mabega juu. Vuta!

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Makohozi na Chama cha Waliopona, wa Kona ya Kukoholea.